Jinsi ya Kuandaa Laini ya Usambazaji Ipokee Umeme wa Jua Kutoka Mapaani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahandisi na mameneja wa mashirika ya usambazaji umeme Afrika Mashariki, hasa wale ambao mezani kwao zimeanza kufika barua za viwanda, hoteli, shule na wenye nyumba wanaoomba kuunganisha mitambo yao ya sola kwenye gridi. Gridi zetu zilijengwa kwa dhana kwamba umeme hutoka kwenye mtambo mkubwa, husafiri kwenye njia za msongo mkubwa, hushushwa kwenye vituo vya kupoza umeme na kumfikia mteja ambaye kazi yake ni kutumia na kulipa tu. Dhana hiyo bado ina uzito wake, na bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, ni ushahidi kwamba vyanzo vikubwa havijapitwa na wakati. Hata hivyo, wingi wa umeme kwenye chanzo haumaanishi kwamba mteja wa nguzo ya mwisho, kwenye laini ya kilovolti 33 iliyotambaa makumi au mamia ya kilomita, atapata volti zinazotosha kuendesha friji yake, na hapo ndipo chanzo kidogo kilicho karibu naye kinapoweza kufanya kazi ambayo mtambo mkubwa hauwezi.

Sheria nazo zimekwisha kufungua mlango. Nchini Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kupeleka ziada yake kwenye gridi, na kanuni zilizotolewa mwaka 2024 zinampa nusu ya uniti kwa kila uniti anayoipeleka. Nchini Tanzania, utaratibu wa wazalishaji wadogo wa kilowati 100 hadi megawati 10 umekuwapo tangu mwaka 2008, na kupitia utaratibu huo mitambo kama ule wa maji wa Mwenga huko Mufindi, wenye megawati 4, ilipata kuuza umeme wake. Kilichobaki nyuma ni mtandao wenyewe, ambao mara nyingi hauna macho wala masikio kuanzia kituo cha kupoza umeme kwenda chini.

Mashirika mengi yakifika hapa hukimbilia kutangaza zabuni ya mfumo mkubwa wa programu wa kusimamia usambazaji. Mimi nashauri kinyume chake. Fedha za kwanza zitumike kujua ni mteja yupi yuko kwenye transfoma ipi na fezi ipi (yaani upi kati ya nyaya tatu zinazobeba umeme), kwa sababu programu yoyote, hata iwe bora namna gani, ikilishwa rejista mbovu itatoa majibu mabovu kwa haraka zaidi kuliko karani wa zamani mwenye daftari.

Ijue laini moja hadi mwisho wake

Chagua laini moja tu ya kuanzia. Isiwe ile mbovu kuliko zote, wala isiwe ya eneo la wakubwa ambako kila kosa litageuka kuwa mkutano. Chagua laini yenye mchanganyiko wa wateja wa majumbani, biashara na angalau kiwanda au taasisi moja iliyokwisha kuonyesha nia ya kuunganisha sola. Kisha itembeeni kwa miguu, nguzo kwa nguzo, mkiwa na simu au tableti yenye kipokezi cha GPS, mkiandika mahali ilipo kila transfoma, ukubwa wake kwa kVA, hatua ya tapu (swichi ya kurekebisha volti za transfoma) iliyowekwa, urefu na unene wa nyaya za msongo mdogo zinazotoka hapo, pamoja na namba ya mita ya kila mteja anayehudumiwa nayo.

Sehemu ngumu ni hiyo ya mwisho. Mfumo wa mauzo ya LUKU, yaani umeme wa malipo ya kabla wa Tanzania, unajua mita ilinunua uniti ngapi na lini, lakini mara nyingi haujui mita hiyo inaning'inia kwenye transfoma gani, na pale panapokuwa na kumbukumbu, huenda ni ya miaka mingi kabla mtaa haujapanuka na transfoma ya pili kuongezwa. Ilipokaribia tarehe 24 Novemba 2024, mwisho wa hesabu ya muda inayotumiwa na mita nyingi za malipo ya kabla zinazofuata kiwango cha kimataifa cha STS, mashirika ya dunia nzima yalilazimika kuhakikisha kila mita ya aina hiyo imeingizwa tokeni maalumu za kubadilisha ufunguo kabla ya siku hiyo. Shirika lililotumia zoezi lile kusahihisha pia mahali ilipo kila mita limevuna faida mara mbili. Ambalo halikufanya hivyo litalazimika sasa kurudi mtaani kwa kazi ileile.

Fezi isisahaulike. Wateja wengi wa majumbani wameunganishwa kila mmoja kwenye fezi moja, na fundi aliyepanda nguzoni siku ile alichagua ile iliyokuwa karibu na mkono wake. Pale penye mita janja zinazotuma kumbukumbu za volti, kompyuta inaweza kutambua fezi kwa kulinganisha kupanda na kushuka kwa volti za kila mita na zile za transfoma, kwa kuwa mita zilizo kwenye fezi moja hupanda na kushuka pamoja. Pasipo na mita hizo, tumieni kifaa cha mkononi cha kutambua fezi, hata kama kazi itachukua majuma. Baada ya hapo iwekwe kanuni isiyo na msamaha: hakuna kazi ya kubadilisha transfoma, kuhamisha mteja au kuongeza nguzo itakayohesabiwa kuwa imekwisha mpaka rejista iwe imesahihishwa na fundi aliyeifanya.

Mkiwa mtaani mtagundua jambo lingine ambalo ofisini halionekani, nalo ni inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa sola au betri uwe kama wa gridi) zilizokwisha kuunganishwa bila kibali. Nyingi zimefungwa pamoja na betri kwa ajili ya kuhimili kukatika kwa umeme, na baadhi zinarudisha umeme kwenye gridi bila mwenye nyumba kujua. Ushauri wangu ni kutoa kipindi cha kujiandikisha bila faini. Mteja anayeogopa kuadhibiwa ataficha mtambo wake, na mtambo uliofichwa una hatari kubwa kwa fundi aliye juu ya nguzo kuliko ule uliomo kwenye rejista.

Pima kwenye transfoma kabla ya kupima kila nyumba

Kufunga mita janja kwa wateja wote ni jambo la miaka na fedha nyingi, na mradi mzima usisubiri hilo. Anzeni na mita moja kwenye upande wa msongo mdogo wa kila transfoma, iwe inarekodi volti, mkondo na mwelekeo wa nguvu kwa kila fezi kila baada ya dakika 15, na kutuma kwa mtandao wa simu. Saa ya mita hizo isawazishwe kutoka chanzo kimoja, la sivyo kulinganisha transfoma mbili kutakuwa kazi bure.

Kinachotafutwa kwenye kumbukumbu hizo si kilele cha matumizi pekee, ambacho kila mhandisi anajua kwamba huja jioni, kuanzia kama saa moja usiku watu wanaporudi nyumbani. Kwa upande wa sola, saa inayotia wasiwasi ni ile ambayo jua ni kali na matumizi ni madogo kabisa: Jumapili saa sita mchana kwenye laini ya viwanda, au siku yoyote ya likizo kwenye transfoma inayohudumia shule. Hapo ndipo umeme unapoweza kugeuka na kupanda kuelekea juu, na rilei za zamani (vifaa vinavyoamuru umeme ukatwe kukiwa na hitilafu) ambazo zilipangwa kwa kudhani mkondo una mwelekeo mmoja zinaweza kufanya uamuzi usiofaa. Kusanyeni vipimo vya msimu wa kiangazi na wa mvua kabla ya kutoa hitimisho kuhusu laini nzima, ingawa maombi madogo yanaweza kushughulikiwa mapema kwa tahadhari.

Mteja anayeunganisha mtambo abadilishiwe mita mara moja, bila kungoja zamu ya mtaa wake. Mita nyingi za malipo ya kabla ziliundwa kwa kuzuia wizi, na baadhi huhesabu umeme unaorudi kana kwamba umetumika, huku nyingine zikikata huduma zikidhani kwamba zimechezewa. Mteja anayepeleka uniti kumi kwenye gridi akakuta zimetolewa kwenye salio lake hatasubiri maelezo ya kitaalamu. Mita mpya iwe na hesabu mbili zilizotengana, ya umeme unaoingia na ya unaotoka, kwa kuwa bila hesabu hizo kanuni kama ile ya Kenya ya kufidia nusu ya uniti haitekelezeki.

Kokotoa uwezo wa kupokea

Ukiwa na rejista na vipimo, unaweza kujibu swali ambalo mwombaji analiuliza kwa haki: je, transfoma yetu inaweza kupokea kilowati ngapi? Zoea la kutumia asilimia ileile ya ukubwa wa transfoma kila mahali ni rahisi kusimamia, lakini huwanyima wengine bure na kuwaruhusu wengine kimakosa, kwani mara nyingi kinachoanza kushindwa ni volti mwishoni mwa waya, wala si transfoma yenyewe.

Chukua mfano wa mteja aliye mita 500 kutoka kwenye transfoma, anayehudumiwa kwa waya wa alumini wa milimita za mraba 50, ambao ukinzani wake ni takriban omu 0.64 kwa kilomita, yaani omu 0.32 kwa umbali huo. Akipeleka kilowati 5 kupitia fezi moja wakati majirani hawatumii kitu, mkondo unakuwa karibu ampea 22, nao unapita kwenye waya wa fezi na pia kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme), hivyo volti kwake zinapanda kwa takriban 14, yaani asilimia 6 ya volti 230. Mtambo uleule ukigawanywa sawa kwenye fezi tatu, nyutro haibebi mzigo, kila fezi inabeba theluthi ya mkondo, na ongezeko linakuwa volti 2.3 tu, kama asilimia 1. Tofauti ni mara sita, na haikuhitaji programu yoyote kuitambua, ila ilihitaji kujua urefu wa waya, unene wake na idadi ya fezi.

Ongeza sasa tabia moja ya laini za vijijini. Ili mteja wa mwisho apate volti za kutosha jioni, mafundi hupandisha tapu ya transfoma, kiasi kwamba mchana volti kwenye transfoma yenyewe zinaweza kuwa 240. Mteja wetu wa fezi moja akiongeza 14 zake, anafika 254, juu ya volti 253 ambazo ni kikomo cha asilimia 10 juu ya 230 kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60038. Inveta yake itajizima, itawaka, itajizima tena, na yeye atalalamika kwamba fundi amemuuzia kifaa kibovu. Kabla ya kumkatalia, angalia kama tapu inaweza kushushwa hatua moja, au kama anaweza kupewa fezi tatu. Hatua hizi mbili ni nafuu mno zikilinganishwa na kubadilisha waya.

Kokotoeni hivi kwa kila transfoma, matokeo yawekwe kwenye ramani, na ramani hiyo iwe wazi kwa wakandarasi wa sola. Maombi yanayoingia ndani ya kikomo yapite kwa njia fupi, na muda wa wahandisi ubaki kwa yale machache yanayohitaji uchambuzi.

Mipangilio ya inveta ni sehemu ya gridi

Inveta ni kompyuta ndogo, na jinsi ilivyopangwa siku ya kufungwa ndivyo itakavyotenda kwa miaka. Ujerumani ililijifunza hilo kwa gharama. Inveta za miaka ya mwanzo zilitakiwa kujiondoa masafa ya gridi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo kwa kawaida ni hezi 50) yanapofika hezi 50.2, sharti ambalo halikuwa na madhara sola ilipokuwa chache. Zilipoongezeka, ikawa dhahiri kwamba kupanda kidogo kwa masafa kungeweza kuondoa maelfu ya megawati kwa mkupuo, na kanuni ya mwaka 2012 ikalazimu mitambo zaidi ya 300,000 kurekebishwa. Huko Hawaii mwaka 2015, kampuni ya Enphase ilibadilisha mipangilio ya inveta ndogo takriban 800,000 kutoka mbali, kwa njia ya intaneti, bila fundi kupanda paa hata moja. Kilichozitenganisha hali hizi mbili ni uwezo wa kufikia kifaa baada ya kukifunga, na shirika linapaswa kuudai uwezo huo kwenye masharti ya kuunganisha.

Kwetu, masafa na volti huyumba zaidi kuliko Ulaya, na mafundi mara nyingi huchagua nchi yoyote iliyoko kwenye menyu ya inveta ili kazi iishe. Toeni jedwali moja la kitaifa la mipangilio, linaloonyesha mipaka ya volti na masafa, muda wa kuvumilia mtikisiko kabla ya kujiondoa, na kupunguza nguvu taratibu masafa yanapopanda badala ya kuzima ghafla. Kiwango cha IEEE 1547 cha mwaka 2018 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kiwango hicho kinataka pia inveta isaidie kutuliza volti kwa nguvu tendanishi (umeme usiofanya kazi bali unaosukuma volti juu au chini), jambo jema, ingawa kwenye nyaya nyembamba za msongo mdogo, ambako ukinzani unazidi riaktansi (kizuizi kinachotokana na sumaku ya mkondo), msaada huo ni mdogo, na ni heri kuongeza sharti la kupunguza kilowati volti zinapokaribia kikomo.

Sharti moja lina umuhimu wa pekee kwenye gridi zinazokatika mara kwa mara, nalo ni la muda wa kusubiri umeme unaporudi. Inveta zote za laini zikirejea kwa sekunde moja, laini iliyotoka kuwashwa itatikisika upya. Kiwango nilichokitaja kinaanzia na sekunde 300. Muhimu ni kwamba zisirejee zote pamoja.

Mawasiliano na kikomo kinachobadilika

Hadi hapa hakuna mtu aliyehitaji kuiamuru inveta kutoka chumba cha udhibiti, na kwa laini nyingi hali hiyo itatosha kwa miaka kadhaa. Sola zikiongezeka, mfano wa kusoma ni wa Australia Kusini, jimbo ambalo mapaa yake yamewahi kuzalisha zaidi ya mahitaji yake yote ya mchana. Tangu Septemba 2020 kila mtambo mpya huko lazima uweze kuzimwa kutoka mbali wakati wa dharura, na uwezo huo ulitumika kwa mara ya kwanza Machi 2021. Msambazaji wa jimbo hilo, SA Power Networks, alikwenda mbali zaidi kwa kumpa mteja chaguo: apeleke kilowati 1.5 muda wote, au akubali kikomo kinachobadilika kulingana na hali ya laini, ambacho kwa saa nyingi kinaweza kufika kilowati 10 kwa fezi.

Mpango wa namna hiyo unahitaji inveta zinazoelewa itifaki iliyo wazi (lugha ya mawasiliano ambayo kila mtengenezaji anaweza kuitumia), kama IEEE 2030.5, ili shirika lisifungwe na mtengenezaji mmoja; kwa sababu hiyohiyo mita zifuate kiwango cha mawasiliano cha DLMS na vifaa vya vituo vya kupoza umeme vifuate kile cha IEC 61850. Kwa mitambo mikubwa ya kilowati mia kadhaa, unganisheni moja kwa moja na mfumo wa SCADA, unaosimamia mitambo kutoka chumba cha udhibiti. Kwa ile midogo, mtandao wa simu unatosha, mradi kila inveta iwe na kikomo cha akiba inachokirudia yenyewe mawasiliano yakikatika, kwa sababu yatakatika.

Usalama

Fundi anayepanda nguzo hapaswi kuamini kwamba laini imekufa kwa sababu tu swichi ya kituoni imefunguliwa. Inveta nzuri hujizima gridi inapokosekana, lakini jenereta ya dukani iliyounganishwa bila swichi ya kubadilishia haina akili hiyo, kwa hiyo kupima na kuiunganisha laini na ardhi kabla ya kuigusa kubakie pale pale, na orodha ya mitambo iliyo kwenye sehemu ya laini inayofanyiwa kazi itokee kwenye simu ya kiongozi wa timu pamoja na hati ya kazi.

Kwa upande wa wadukuzi, tukio la kukumbukwa ni la Ukraine tarehe 23 Desemba 2015, ambapo wavamizi waliingia kwenye mifumo ya mashirika matatu ya usambazaji, wakafungua swichi kwa kutumia zana zilezile za waendeshaji, na kuwaacha wateja wapatao 225,000 gizani. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa kuwa mafundi walikwenda vituoni na kufunga swichi kwa mikono. Kwa hiyo nywila za kiwandani zibadilishwe siku ya kufunga, mtandao wa udhibiti utenganishwe na ule wa barua pepe za ofisi, na mazoezi ya kuendesha vituo kwa mikono yaendelee hata baada ya kila swichi kuwa na kidhibiti chake cha mbali. Swali jingine la kuulizwa kwenye zabuni ni seva za mtengenezaji wa inveta ziko wapi na nani ana mamlaka ya kutuma amri kutoka huko, kwani mtu anayeweza kuzima inveta elfu kumi kwa pamoja ana mkono ndani ya gridi.

Baada ya miunganisho ya mwanzo kukaa msimu mmoja, linganisheni volti mlizokokotoa na zile ambazo mita zimerekodi. Tofauti kubwa karibu kila mara itatokana na rejista: waya uliodhaniwa kuwa wa milimita za mraba 50 kumbe ni wa 25, au mteja wa fezi nyekundu aliyehamishiwa ya bluu. Sahihisheni, rudieni hesabu za transfoma hiyo na majirani zake, kisha mhamie laini ya pili, mkianza na ile ambayo rejista yake iko karibu kukamilika hata kama si yenye maombi mengi kuliko zote.